Bangi ya Babu na Bangi ya Dogo wa Fomu Tuu

Anzisha mjadala wa bangi kwenye kijiwe chochote hapa Mtwara, iwe Magomeni, iwe Chuno, iwe kule feri, hutafika mbali kabla hujaletewa mzee. Kila kijiwe kina mzee wake wa ushahidi. Kuna mvuvi wa Mikindani anavuta tangu enzi za Mwalimu na mpaka leo anashona nyavu bila miwani, kuna fundi seremala huko Newala kajenga, kasomesha, kaoa wawili na hajawahi kugombana na mtu, sasa wewe unakuja kutuambia bangi inaharibu akili, mbona ya huyu haijaharibika? Na mjadala unaishia hapo, maana mzee kweli yupo, yuko fiti, na watu wote wanamjua.

Upande wa pili wako walimu, wazazi na watu wa mimbari wenye kauli yao ile ile tangu sisi tuko darasa la tano: ukivuta mara moja tu utaokota makopo. Dogo anaisikia hiyo, halafu anatoka nje anakuta wenzake wanapuliza nyuma ya uwanja wa mpira na kesho yake asubuhi wote wako mstarini, hakuna aliyevua nguo barabarani, basi anahitimisha kwamba watu wazima ni waongo, na akishahitimisha hivyo hata lile la kweli utakalomwambia keshokutwa halimwingii.

Mi naona pande zote mbili zinagombania swali bovu. Ukiuliza bangi ni mbaya au sio mbaya utabishana mpaka jua lizame. Uliza alianza na miaka mingapi, anavuta mara ngapi kwa wiki, na kitu chenyewe kina nguvu kiasi gani, hapo utapata la kuzungumza. Na katika hayo matatu, umri ndo tunaoupuuza kuliko yote. Yule mvuvi ukikaa naye vizuri mara nyingi utakuta alianza akiwa tayari baharini, anajitegemea, ana mke, ana miaka ishirini na kitu. Dogo tunayemzungumzia ana miaka 14 na yuko fomu tuu. Kumpima dogo kwa kipimo cha mzee ndo kosa lenyewe, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Inabidi tuingie kidogo kwenye ubongo, vumilia. Kichwa cha mtoto kinatudanganya, maana kwa ukubwa ubongo unakaribia kumaliza kukua mtoto akiwa na miaka sita hivi, kwa hiyo ukimwangalia kijana wa miaka 15 mwenye sauti nzito na ndevu mbili tatu unaona kila kitu kimekamilika. Bado. Kuanzia balehe mpaka kwenye miaka 25 hivi kuna kazi kubwa inaendelea humo ndani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kupunguza. Utotoni ubongo ulijitengenezea miunganiko mingi kuliko unayoihitaji, sasa isiyotumika inaondolewa, na njia zinazobaki zinavishwa utando wa mafuta ili ujumbe upite haraka. Watu wa huku hawahitaji maelezo marefu, ni kupogolea mkorosho. Mkorosho ulioachwa hovyo una matawi kibao, majani kibao, korosho hakuna, anayejua kazi anakata haya anaacha yale, na aliyekata vibaya haoni tofauti siku hiyo hiyo, anakuja kuiona msimu unaofuata na ule mwingine. Ubongo nao unafanya hivyo kuanzia nyuma kuja mbele, na ile sehemu iliyoko nyuma ya paji la uso inamaliziwa mwisho kabisa. Hiyo ndo sehemu ya kupanga, kujizuia, kupima hatari, kufikiria kesho. Yaani kile kile tunachomgombeza dogo kwamba hana, ndo hakijaisha kujengwa.

Sasa bangi inaingilia wapi. Mwaka 1964 huko Israel wakemia wawili, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walifanikiwa kutenga kemikali inayoleta stimu kwenye mmea ule, THC. Ikapita miaka zaidi ya ishirini watu hawajui inashika wapi, mpaka 1988 watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba ubongo una vipokezi vinavyoipokea, halafu 1992 timu ya huyo huyo Mechoulam ikakuta kwamba hata mwili wenyewe unatengeneza kemikali inayokaa kwenye vipokezi hivyo hivyo. Maana yake vipokezi vilikuwepo kwa shughuli nyingine kabisa, bangi imevikuta. Shughuli yenyewe ni ya kutuliza. Seli ya ubongo ikiona inapokea ujumbe kupita kiasi inatoa hiyo kemikali irudi kwa seli iliyotuma, kwamba punguza, imetosha. Inatengenezwa pale inapohitajika tu, kidogo, na inavunjwa fasta. Na kwa kijana anayekua mfumo huu una kibarua cha ziada, unashiriki kuamua muunganiko upi ubaki na upi uondoke.

THC ikija haina utaratibu huo. Inafika kila mahali kwa pamoja, inakaa masaa, na kama mtu anavuta kila siku vipokezi vinaanza kujipunguza maana vimezidiwa. Kuna watafiti Marekani waliwapiga picha za ubongo wanaume wanaovuta kila siku, matokeo yakatoka 2012, vipokezi kwenye gamba la ubongo vilikuwa vimepungua kama asilimia 20. Na habari njema ni kwamba walipokaa karibu mwezi bila kuvuta, sehemu nyingi vilirudi. Hao ni watu wazima lakini, kazi ya kujenga ilishaisha. Kwa dogo huo mwezi au mwaka wa vurugu unaangukia katikati ya kazi yenyewe.

Na hapa nitoe haki kwa vijiwe. Vipokezi hivi viko vingi sana kwenye eneo la kumbukumbu, kwenye sehemu ya mbele, na kwenye maeneo ya mwendo na kukadiria muda, ndo maana mtu akila stimu anaona dakika tano zimekuwa saa zima na anasahau alikuwa anasema nini. Ila kwenye shina la ubongo, kule pumzi inakoendeshwa, viko vichache mno. Kwa hiyo bangi haimkati mtu pumzi akafa palepale kama unga, yaani heroini. Anayemwambia mwanafunzi kwamba bangi na unga ni kitu kimoja anapoteza wanafunzi bure, na siku atakayokuja kuongelea unga kweli hawatamsikiliza.

Kuhusu umri ushahidi wa kwanza ulitoka kwa panya. Chukua panya walio kwenye umri wao wa balehe, wape dawa ya jamii hiyo kwa wiki chache, acha, subiri mpaka wawe wakubwa halafu wapime, utakuta kumbukumbu imelegea na hata kuchangamana na wenzao kumebadilika. Wape panya wakubwa dozi ile ile kwa muda ule ule, wakiacha wanarudi kawaida. Dozi moja, matokeo mawili. Najua mtu atasema sisi sio panya, na ni kweli, kwa hiyo twende kwa watu.

Kuna mji New Zealand unaitwa Dunedin ambako watafiti walichukua watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 na kuwafuatilia maisha yao yote, mpaka leo wanawafuatilia. Waliwapima akili wakiwa na miaka 13, kabla ya bangi, wakaja kuwapima tena wakiwa na miaka 38. Matokeo yalitoka 2012: walioanza wakiwa vijana wadogo na kuendelea kuwa walevi wa bangi kwa miaka mingi walishuka pointi kama 8 za IQ, yaani kipimo cha akili, walioanza wakiwa watu wazima hawakushuka hivyo. Pointi 8 zinasikika kidogo ila panga watu mia kwenye mstari, aliyekuwa wa 50 anasogea nyuma mpaka karibu wa 71. Na walioanza wadogo hata walipoacha hawakurudi moja kwa moja walikokuwa.

Angalizo, maana kuna watu wanaishia hapo wanakimbilia kipaza sauti. Mwaka 2016 utafiti wa Marekani uliangalia mapacha zaidi ya 3,000, na ikaonekana pacha anayevuta kashuka, sawa, lakini na yule asiyevuta ambaye kalelewa nyumba moja naye kashuka karibu sawasawa. Kwa maneno mengine baadhi ya kile tunachokiita madhara ya bangi huenda ni nyumba, ni umaskini, ni shule mbovu, ni mambo yale yale yanayomsukuma mtoto akavute. Mi hili naliamini kabisa, nimekulia huku, najua dogo anayeanza kuvuta mapema mara nyingi kuna kitu kilishavunjika nyumbani kabla ya msokoto wa kwanza. Ila halifuti suala lenyewe. Kuna utafiti mwingine wa 2021 kwa vijana 799 wa Ulaya, walipigwa picha za ubongo wakiwa na miaka 14 kabla hawajavuta na tena wakiwa na 19. Waliokuja kuvuta zaidi gamba lao la mbele lilikuwa limekonda zaidi, hasa maeneo yenye vipokezi vingi, na kwenye picha za miaka 14 tofauti hiyo haikuwepo. Ikaja baada. Haithibitishi kila kitu, ila ukiiweka pamoja na wale panya, mi siwezi kukaa kimya nikaiita bahati mbaya.

Tuje kwenye ukichaa wenyewe, ndo unaoogopwa zaidi na ndo unaosemwa hovyo zaidi. Sweden waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 waliopimwa kuingia jeshini, na 1987 wakaripoti kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano mara sita wa kuja kupata skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, kuliko wasiovuta. Ukizingatia mambo mengine ya maisha yao namba inashuka, ila haiishi. Kule Dunedin, waliokuwa tayari wanavuta wakiwa na miaka 15, mmoja katika kumi alikuwa na dalili za ugonjwa wa aina hiyo alipofika 26, kwa wengine ni watatu katika mia. Na 2019 ulitoka utafiti wa miji ya Ulaya pamoja na Brazil, wanaovuta kila siku hatari yao mara tatu, wanaovuta kila siku ile ya nguvu kali karibu mara tano.

Lakini fanya hesabu vizuri. Skizofrenia kwa kawaida inampata chini ya mtu mmoja katika mia. Hata ukiizidisha mara tatu, mara nne, bado wengi wanaovuta hawatachizika, na ndo maana dogo akiangalia kijiwe chake anaona kila mtu mzima tu. Hatari haimwangukii kila mtu sawa. Kama kwenye ukoo kuna mjomba au mama mdogo aliwahi kuugua akili, huyo mtoto hapaswi kukaribia moshi hata kidogo, na hili ni jambo ambalo familia zetu zinalijua vizuri sana na zinalificha vizuri sana. Unakuta ukoo mzima unajua kwamba mjomba fulani alipelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, zamani hizo, ila mtoto mwenye kuhitaji kujua habari hiyo kuliko wote ndo hajawahi kuambiwa.

Halafu nguvu ya kitu. Huko Marekani sampuli zinazokamatwa zilikuwa na THC kama asilimia 4 mwaka 1995, mwaka 2014 zilishafika 12. Huku kwetu mzee wa Mikindani alikuwa anavuta majani ya shambani yaliyokaushwa juani, leo vijana wanaongelea skanka, na skanka ni bangi iliyozalishwa makusudi iwe kali, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaikamata nchini kila mara siku hizi. Kwa hiyo hata ule ushahidi wa mzee umepitwa, alivuta kitu kingine. Na ukisikia habari za biskuti na keki zenye bangi ndo balaa zaidi kwa mtoto, maana ya kula inachelewa kupanda, nusu saa mpaka masaa mawili, dogo anaona haifanyi kazi anaongeza nyingine, halafu zote zinapanda kwa pamoja.

Sasa kwa nini naliandika hili kwa kusini na sio kwa nchi nzima. Kwa sababu mbili.

Moja ni jando. Kwetu huku Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, mtoto wa kiume akitoka jandoni keshakuwa mtu mzima, na siku hizi wanaingia wadogo kweli, shule zikifungwa Juni au Desemba unawakuta wa miaka minane, tisa, kumi. Sina ugomvi na jando, nimepita humo humo. Ila lina matokeo ambayo hatuyasemi: mtoto wa miaka 13 akionekana kijiweni na msokoto, mtu anayetakiwa kumkemea anasita, huyu si keshatoka jandoni, ni mwanaume huyu, mwache. Kimila kawa mkubwa, ubongo wake una miaka kumi na mbili mbele ya kazi. Na cha ajabu ni kwamba jando lenyewe ndo darasa pekee ambalo watoto wote wa kiume wanapita, wanakaa mle wanasikiliza, na wanachoambiwa mle wanakishika mpaka wazee. Umri wanaoingia ni miaka mitatu minne kabla ya umri wa kuanza kuvuta. Manyakanga, wale walimu wa jando, wanafundisha heshima, usafi, namna ya kuishi na watu, wakiamua kuongeza na hili nani atapinga? Mi naamini sentensi moja ya nyakanga ina uzito kuliko semina kumi zenye mabango na soda.

Ya pili ni korosho, au niseme hela ya korosho. Oktoba mpaka Desemba watoto wanaokota, na sio mashambani kwa baba tu, wanaokota za kwao, wanapeleka kangomba, kwa wale wanunuzi wa mtaani wasio rasmi, wanapata cash mkononi bila mzazi kujua. Nenda Tandahimba au Nachingwea msimu umechanganya uone wauzaji wanavyowajua watoto kwa majina. Miezi hiyo hiyo mabibo yamejaa, uraka, pombe ya mabibo, unanywewa na kila mtu, nipa, ile kali zaidi, inapikwa, na hapa watu wazima tujiangalie, maana baba aliyelala chini ya mkorosho kwa nipa saa nne asubuhi ana mdomo gani wa kumkanya mtoto bangi? Pombe nayo inaugusa ubongo wa kijana, hilo nalo lingehitaji makala yake. Na miezi hiyo hiyo ndo ya mitihani, upimaji wa fomu tuu na ule wa fomu foo. Vitu vitatu kwa wakati mmoja: hela, stimu, mtihani.

Halafu linakuja tatizo la namna tunavyoitikia mambo yakiharibika. Dogo anaanza kukaa peke yake, halali usiku, anasema kuna watu wanamfuata, anasikia sauti, anacheka na asiyeonekana. Kinachofuata ni kwamba shangazi anasema karogwa, kuna mtu ukoo wa baba anamwonea wivu, na safari ya waganga inaanza, huyu wa Masasi, yule wa mpakani huko Mozambique, mbuzi wawili, kuku mweusi, miezi inapita. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Ninachojua ni kwamba ugonjwa huu ukikaa muda mrefu bila dawa unakuwa mgumu zaidi kutibika, wiki zina maana, na dawa zake zipo. Anza zahanati au kituo cha afya chochote wakupe rufaa, Ligula kwa watu wa Mtwara, Sokoine kwa watu wa Lindi, hakuna haja ya kusubiri mpaka ifikie kumfunga kamba kwenye pikapu na kumsafirisha Mirembe Dodoma, kilomita kama 1,000 ukipitia Dar. Ukitaka kwenda na kwa mganga nenda, ila hospitali iwe wiki hiyo hiyo. Na daktari mwambie ukweli kuhusu bangi, familia nyingi zinaficha kwa kuogopa polisi na matokeo yake anatibiwa kwa kubahatisha.

Shule nazo. Mwanafunzi akikamatwa na kete ya bangi, kwa shule nyingi mjadala ni mfupi, mzazi anaitwa, dogo anarudishwa nyumbani na begi. Nyumbani hakuna mtu mchana, kwa hiyo anaenda kijiweni, ambako sasa anavuta asubuhi na mchana badala ya jioni tu. Tumemwongezea dozi sisi wenyewe. Sheria yetu ya 2015 ya dawa za kulevya ni kali na iko wazi, siitetei bangi wala sisemi ihalalishwe, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo ipo na inasema mtu chini ya miaka 18 ni mtoto. Wenzetu wa Afrika Kusini Mahakama yao ya Katiba iliamua Septemba 2022 kwamba mtoto asishtakiwe kwa jinai kwa kuvuta au kukutwa na bangi yake ya kuvuta, apelekwe kwenye ushauri na msaada. Hawakusema mtoto ruksa kuvuta. Walisema kumweka mtoto kizimbani kunamharibu zaidi ya kile unachojaribu kumkinga nacho.

Na wale wa "mbona wazungu wameruhusu", ninao kila siku. Kweli Canada wameruhusu tangu 2018, ila kuanzia miaka 18 au 19, na jimbo la Quebec baadaye wakapandisha mpaka 21. Majimbo ya Marekani yaliyoruhusu kujiburudisha nayo yameweka 21. Hao ndo wanaoipenda mpaka wanaiuza dukani kwa risiti, na bado mtoto wamemfungia mlango. Ukitaka kuwaiga waige basi mpaka hapo.

Swali ambalo wazazi wananiuliza zaidi ni kama kuna dawa ya kumwachisha. Ile methadone wanayopewa waathirika ni ya unga, haihusiki na bangi, na bangi mpaka leo haina kidonge chake kilichoidhinishwa. Kinachosaidia ni mazungumzo, ushauri wa mara kwa mara na kumbadilishia mazingira. Uraibu upo, watu wanabisha lakini upo, katika wote wanaojaribu kama mmoja kati ya kumi na mmoja ananasa, na kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni karibu mmoja kati ya sita. Akiacha ghafla arosto yake haiui wala haimtapishi damu, ila inaudhi: hasira bila sababu, usingizi hakuna, chakula hakipandi, ndoto mbaya. Inaanza siku ya kwanza au ya pili, wiki ya kwanza ndo kali, wiki ya pili inaanza kulegea. Wazazi wengi wanaiona hiyo hasira wanadhani dogo kawadharau, wanampiga, anarudi kijiweni. Hapo ndo pa mjomba. Kwa mila zetu mjomba ana sauti ambayo hata baba hana, amchukue akae naye hizo wiki mbili, ampe kazi ya kumchosha, asimhubirie sana.

Na hesabu yake inalipa haraka kuliko watu wanavyodhani. Kuna utafiti ulifanyika Boston ukatoka 2018, walichukua vijana wa miaka 16 mpaka 25 wanaovuta kila wiki, kundi moja wakalipwa waache kwa mwezi na mikojo inapimwa, kundi lingine wakaachwa waendelee. Walioacha uwezo wao wa kushika mambo mapya ulipanda, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokea ndani ya wiki ya kwanza. Umakini haukubadilika sana, ila kumbukumbu ndiyo, na mtihani wa fomu foo kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu. Kwa hiyo mzazi mwenye dogo fomu foo ambaye anajua kabisa kinachoendelea huko nyuma ya uwanja, mtihani unaanza Novemba, asisubiri mpaka korosho ziishe. Aanze Septemba, kabla ya hela ya kangomba haijaingia mtaani.